Mguu wa Kushoto wa Matroni

Wageni wangu walimwogopa kabla hawajampenda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa amekwisha kusimama langoni kwangu, baibui jeusi, raba nyeupe zilizopakwa chaki, pochi kwapani, na ikitokea mgeni bado anatafuta kofia yake ndani, Matroni alipiga makofi mawili. Mawili tu. Nimeona mzungu wa miaka sitini akitoka mbio chumbani huku kamba za viatu zinaburuta. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba bibi huyu alistaafu zamani, na nadhani hata yeye mwenyewe hakuwa ameambiwa.

Nina gesti ndogo Usagara, vyumba vinne na ua wa saruji. Matroni alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na moja. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na kazi ile ikamganda mpaka hakuna aliyekumbuka kumwita vingine. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sikuwahi kumuuliza; hakuwa mtu wa kuulizwa. Ninachotaka kusimulia ni alivyotembea, alivyokula, na jinsi nilivyouona mguu wake ukiharibika nikanyamaza kwa kuwa matembezi yake ndiyo yaliyoniletea wageni. Nalisema mapema, msomaji asije akanidhania mtu mzuri.

Matembezi yenyewe yalianza kwa hasira. Siku moja alichungulia uani kwangu akamkuta mgeni anakula mkate wa dukani na jamu, peke yake, anasoma simu.

"Mama Gesti," aliniita, maana hilo ndilo jina alilonipa, "huyu kapanda ndege mbili aje kula hiki?"

Akamshika mkono yule mgeni, mtu mzima na ndevu zake, akamtoa nje kama anampeleka kwa mwalimu mkuu. Alimrudisha karibu na adhuhuri, shati lina matone ya mbaazi za nazi na uso umeng'aa. Yule mgeni akaandika mtandaoni. Tangu hapo watu walionitumia ujumbe wa kutaka chumba hawakuuliza kwanza maji wala chandarua. Waliuliza, "Matroni yupo?"

Alitembea kwa miguu, basi. Bajaji hakupanda, na bodaboda aliziita machela za haraka. Njia yake ya zamani ilikuwa kutoka kwetu hadi Ngamiani, halafu kuikata Ngamiani barabara kwa barabara. Simu za wageni alizikusanya zote akazitia kwenye pochi yake, na hazikutoka humo mpaka warudi. "Macho yamekaa bure mwaka mzima," aliwaambia, "leo yafanye kazi." Wageni walicheka, kisha wakagundua kwamba hatanii. Yeye mwenyewe simu yake aliiacha nyumbani, kwenye kabati, imezimwa.

Kuna mama mmoja aliyetaka kupiga picha ya mzee aliyekaa kibarazani akikuna nazi. Alikuwa ameficha simu ya pili kwenye mfuko wa suruali. Matroni alimsimamisha katikati ya njia.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo," mama alisema, akimtazama Matroni.

"Si mimi. Yule."

Mama yule akamwamkia mzee, mzee akaitikia marahaba, akauliza ametoka wapi, wakazungumza kwa ishara na vicheko, na hatimaye picha ilisahaulika. Mama yule aliniambia jioni kwamba ndiyo picha pekee ya Tanga anayoikumbuka. Sikumwelewa vizuri, ila nilifurahi kwa sababu aliongeza siku mbili.

Kwenye kula ndiko nilikomwona kuwa bingwa. Hakuchagua mahali kwa sufuria wala kwa harufu. Alitazama wanaokula. Wakiwa wanazungumza sana, alipita. Wakiwa kimya, vichwa vimeinama, alipunguza mwendo. Kisha alimwendea mwenye biashara akamuuliza swali moja: "Wanao washakula?" Mwuzaji akisema watoto wamekula hapahapa, katika sufuria hilihili, Matroni alivuta benchi. Akisema watakula nyumbani, Matroni alimtakia biashara njema akaendelea na safari. Kulikuwa na mkahawa mmoja wenye viti vya kupendeza na feni, na miaka yote sikumwona akiingia humo. Nilipomuuliza alisema mwenye mkahawa huletewa chakula na mkewe kutoka nyumbani.

Wakishaketi, ndipo lilipokuja jambo lililomwangamiza. Kwetu huku mwenyeji huonja kwanza, ndiyo mgeni ale. Tunasema anatoa sumu. Siku hizi wengi hugusa tu kwa ncha ya kidole, wengine hawafanyi kabisa, maana nani ana habari ya sumu? Matroni hakugusa. Alikula. Kitumbua cha kwanza alikimaliza chote huku wageni wakimtazama, chai ya kwanza yenye sukari yake alishusha kikombe kizima, kashata akatafuna, mhogo, andazi na mbaazi, hivyo hivyo kila kituo, vituo sita au saba kwa asubuhi moja. Baada ya hapo alifuta midomo kwa leso na kusema, "Haya, kuleni." Wageni waliona ni adabu nzuri mno. Waliniuliza kama ni desturi, nikasema ni desturi. Nilikuwa sisemi uongo.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe, na sikuchoka kumtania kwa hilo. Aliwafokea wauzaji wanaowauzia watoto wa shule barafu za rangi, kwamba sukari inaozesha watoto, halafu anageuka anakoroga vijiko vitatu. Alichukia umbeya, akajua ndoa ipi Ngamiani imelegea na kwa nini. Alimkagua mgeni kucha kabla hajamruhusu kula kwa mkono, naye mwenyewe alilamba vidole mpaka kwenye viungo. Nilipomcheka alinyoosha mgongo, akasema, "Mimi nshafaulu."

Kadi niliiona mwezi wa Juni. Alikuwa anatafuta simu ya mgeni ndani ya pochi, vitu vikamwagika kwenye saruji ya uani kwangu, na kati ya simu nne na chanuo palikuwa na kadi ya kliniki. Niliitambua bila kusoma. Mama yangu alikuwa na kadi ya namna ile, ya ugonjwa wa sukari, na nilimpeleka nayo kliniki miaka mitano mpaka nilipomzika. Matroni aliiokota akaitia ndani bila haraka, akaniangalia, nikajifanya nafukuza paka.

Wiki chache baadaye nikaanza kuona soksi. Alifua Jumamosi, na soksi ya kushoto sasa aliiloweka peke yake katika kopo, akaisugua mara mbili, tatu. Ilipokauka ilibaki na doa la kahawia kwenye kidole gumba. Jumamosi iliyofuata doa lilikuwa limefika unyayoni. Mtu aliyemuuguza mgonjwa wa sukari anajua doa hilo lina maana gani. Kidonda kisichouma. Ubaya wake ni huo, kwamba hakiumi.

Nilikuwa na wageni vyumba vyote vinne mpaka mwisho wa Agosti, na wote wameuliza kama Matroni yupo, na wote nimewajibu yupo. Nilijiambia, huyu ni mtu mzima, tena kafanya kazi ya kuangalia afya za watoto wa watu, nitamwambia nini asichokijua? Nilijiambia ana kadi, anahudhuria. Nilijiambia, nikimwambia atanuna. Kila asubuhi makofi mawili yalilia langoni, nami nilisimama dirishani kuangalia mguu ule unavyokanyaga, kisha nikaingia jikoni. Niliogopa. Sijui neno jingine la kulitumia.

Nilipoona siwezi tena, nikafanya kosa ambalo ni mtu wa Tanga tu angelifanya. Badala ya kumwambia yeye, niliwaambia watu. Niliona nitumie akili: nitangulie njiani, niwaombe wauzaji wake wampe chai kavu, kipande kidogo cha kitumbua, wamkatie kashata robo, kimyakimya, kwa wema. Nikaenda alasiri moja. Nikaanza na mwuza vitumbua wa Barabara ya Nane, mwanamke mnene mwenye roho safi.

"Matroni ana sukari," nilimnong'oneza. "Iwe siri yetu."

"Ala! Matroni? Masikini bibi wa watu! Siri, mwanangu, siri kabisa."

Nikaenda kwa mwuza mbaazi. Nikaenda kwa mwuza kahawa. Nilipofika kwa wa nne, mchoma mhogo, hakunipa nafasi hata ya kufungua mdomo. "Nshasikia," alisema, "pole kwa jirani yako." Mpaka Magharibi Ngamiani nzima ilikuwa na habari.

Kesho yake niliandamana nao, nikisingizia sokoni. Nilitaka kuona mpango wangu unavyofanya kazi. Wageni walikuwa watano, na mmoja wao ni mama wa makamo kutoka Ureno aliyejifunza Kiswahili miezi sita na kukizungumza bila woga wowote wa makosa. Wazee wa vibarazani walishamtania kwamba Mreno kasahau nini huku hata akarudi. Tukafika kwa mwuza vitumbua. Matroni akauliza swali lake, akajibiwa, akaketi, wageni wakaketi, sahani ikaja. Vitumbua vilikuwa vya wageni. Kwake yeye palikuwa na kimoja kilichokatwa nusu, na kikombe cha chai.

Alionja chai. Akakiweka kikombe chini.

"Hii haina sukari."

"Ndiyo, bibi," mwuzaji alisema kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Tumekutengezea mbali. Pole na maradhi, Mungu atakuafu."

Wale waliokuwa wakila kimya kwenye benchi la pili wote wakainua vichwa. Mmoja akasema pole. Mwingine akasema shangazi yake alikuwa nayo hiyo, akakatwa mguu. Wageni walitazama huku na huku, hawajui kama wale au wasile, maana mwenyeji alikuwa hajamaliza kuonja.

Matroni hakuuliza nani kasema. Alinitazama mara moja, bila kukunja uso. Kisha akaichukua sahani ya wageni, akatwaa kitumbua kizima, akakila taratibu mpaka punje ya mwisho, akafuta midomo.

"Haya, kuleni," alisema.

Nilidhani atanitukana. Laiti angenitukana. Tangu siku hiyo aliniamkia kila asubuhi kwa adabu zote, habari za kuamka, habari za watoto, kama mtu anayemwamkia karani wa ofisi asiyoipenda. Na Ngamiani hakukanyaga tena. Aliwageuza wageni upande wa pili wa mji, njia ya Sahare, ambako wavuvi wanaleta samaki na ambako hakuna aliyemjua wala aliyejua habari zake. Njia ya zamani ilikuwa saa tatu. Hii ilikuwa saa tano na zaidi, juani, kwenye mchanga na vichochoro. Wageni walirudi wamechoka na wamefurahi kuliko wa mwanzo. Mimi nilikuwa nimeuongezea mguu ule mwendo karibu mara mbili, kwa mdomo wangu mwenyewe. Usiku nilimsikia ukutani akienda na kurudi chumbani, hatua moja inatua, ya pili inaburuta.

Nilikuwa na nafasi ya kubisha hodi. Ni ukuta mmoja. Sikubisha.

Ilikuwa Jumanne, saa tano na nusu hivi, nilipomwona Mreno anaingia langoni peke yake. Wale wengine walikuwa wameondoka wikiendi ile, amebaki yeye. Alikuwa amekimbia. Uso mwekundu, kofia hana, vumbi mpaka magotini.

"Bibi amekaa," alisema. "Hawezi simama. Kiatu ndani maji. Maji nyekundu."

"Wapi?"

"Sijui jina. Nyumba ya bada."

"Umempigia mtu simu?"

Akanionyesha mikono mitupu. Simu yake ilikuwa kwenye pochi ya Matroni, na pochi Matroni ameilalia. Mwenye nyumba alitaka kuita bajaji, Mreno alieleza kwa maneno yake, ila bibi alikataa, akampigia makofi, na watu wakatii. Alisema neno moja tu, kwamba aitwe Mama Gesti.

Tulisimamisha bajaji barabarani. Dereva akauliza, "Wapi, mama?" Nikamgeukia Mreno, Mreno akanigeukia mimi. Bada ni ugali wa muhogo, unapikwa kila mtaa. Nikamwambia dereva atufuate polepole, tukatangulia kwa miguu, na hapo ndipo nilipogundua aibu nyingine. Nimezaliwa Tanga. Nimesoma, nimeolewa na nimezika watu Tanga. Lakini zaidi ya barabara kubwa sikuijua njia ile hata kidogo, maana maisha yangu yote nimepanda kitu. Mgeni wa wiki mbili ndiye aliyenishika mkono.

"Hapa kahawa," alisema, akionyesha pembe ya ukuta. "Hapa kulia. Sasa mkate, mkate wa... mbegu ndogo."

"Wa ufuta."

"Ufuta! Kushoto."

Kila alipotaja chakula, chakula kilikuwepo. Mwanamke wa mkate wa ufuta alitutazama akasema, "Mmempoteza bibi yenu?" nami nikaitikia kwa kichwa. Kwa mchoma samaki Mreno alikosea, tukaingia kichochoro kilichofungwa kwa mabati, tukarudi. Alianza kulia. Nikamfokea, "Usilie, kumbuka mlikula nini baada ya hapa!" Akafumba macho katikati ya njia, kuku wanampita miguuni. "Ndimu," akasema. "Mtoto na maembe, chumvi, ndimu." Nikasikia harufu kabla sijaona ndoo ya maembe mabichi. Bajaji haikuweza kupita hapo, tukaiacha.

Nyumba ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Matroni alikuwa amelazwa mkekani, chumba cha nyuma, mguu umeinuliwa juu ya beseni lililofudikizwa, mwenye nyumba anampepea kwa kipande cha boksi. Homa ilikuwa imempanda mpaka midomo imepauka. Raba ilikuwa imevuliwa, soksi bado. Harufu ile sitaielezea. Niliijua toka kwa mama.

Alifumbua macho akaniona, na nyuma yangu akamwona Mreno.

"Mgeni kala?" aliuliza.

"Matroni, jamani..."

"Bada ilikuwa haijaiva tulipofika. Nimeshindwa kuonja. Kala?"

Mwenye nyumba akasema, "Tumempa akakataa, bibi. Kakimbia."

"Mpeni ale," alisema Matroni, akafumba macho tena.

Tulimbeba watu wanne kwa mkeka uleule mpaka kwenye bajaji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amepanda chombo chochote, na hakujua. Hospitali, daktari kijana alivua ile soksi kwa mkasi, akatazama, akaniuliza nani alikuwa anamwangalia mgonjwa huyu. Nilisema, mimi ni jirani. Akauliza tena, sasa kwa ukali kidogo, kwani hakuna mtu aliyeona? Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, au mimi niliona hivyo. Nikasema hakuna aliyeona.

Waliukata mguu chini ya goti siku ya tatu. Kabla sijapata moyo wa kuingia wodini saa ya kutazama wagonjwa, mdogo wake alikuwa ameshamchukua, akampeleka kwake Ushongo, ng'ambo ya Pangani. Nyumba ya ukuta wa pili ikafungwa kufuli.

Wageni waliendelea kuandika. Matroni yupo? Nikajibu, amesafiri. Walipouliza anarudi lini nilijibu, karibuni. Nilijaribu kuwatembeza mwenyewe kwa njia ya Mreno, ya kahawa na ufuta, lakini nilifika kwa mchoma samaki nikawarudisha. Miezi ikapita saba. Kila nilipopanga safari palitokea udhuru, na udhuru wote niliutengeneza mimi.

Mwishowe nilienda. Basi hadi Pangani, kivuko, kisha bodaboda katika minazi. Njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno, na yote yalianza kwa kujitetea.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mdogo wake, amekaa kwenye benchi, baibui limepigwa pasi, magongo yameegemezwa ukutani. Alikuwa amekonda. Alikuwa anawafundisha wageni wawili wa hoteli za ufukweni namna ya kumwamkia mpika chapati, na wageni wale walikuwa wima kama askari. Aliponiona aliwaruhusu waende.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Habari za kuamka, habari za watoto?"

Ile sauti ya kumwamkia karani. Nikaketi chini, kwenye mchanga, nikasahau maneno yote niliyoyafanyia mazoezi.

"Nilijua," nikamwambia. "Tangu Juni. Nilijua ni sukari na nilijua una kidonda. Sikukwambia kwa sababu ya wageni. Nilitaka vyumba vijae."

Mdogo wake, aliyekuwa anapepeta mchele karibu yetu, akainuka na ungo wake akaingia ndani.

"Nami nilijua kuwa unajua," Matroni alisema. "Uliona kadi, ukafukuza paka asiyekuwepo. Nikasema, vyema, huyu kauguza mama yake, huyu atasema. Nikangoja. Kila asubuhi nikija langoni kwako nangoja. Ukaenda ukawambia wauza chai wote wa Ngamiani, mwanangu. Mimi hukunambia."

"Na wewe!" Hasira ilinitoka ghafla, hata nikajishangaa. "Wewe mtu mzima, mlezi wa mabinti za watu! Kliniki unaijua. Mbona hukwenda?"

"Nliogopa."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alilisema akitazama magongo.

"Miaka thelathini na mbili naamuru watoto. Amka, oga, meza dawa, nenda kwa daktari. Mtu angeniamuru ningekwenda. Hakuna aliyeniamuru. Kila mtu ananambia pole."

Nililia, na sikujificha. Yeye hakulia. Aliniacha nimalize, kama alivyokuwa akiwaacha wasichana wake nadhani, kisha akavuta baibui juu kidogo, akausogeza mguu wake wa kulia mbele yangu. Ulikuwa na soksi nyeupe na ndara.

"Mdogo wangu haoni vizuri," alisema. "Na mimi siwezi kuinama mpaka huko. Vua utazame. Halafu useme unachokiona."

Niliitoa ndara. Niliivua soksi taratibu, nikaigeuza ndani nje, ilikuwa safi. Kisigino kilikuwa kizima, kimepauka tu. Unyayo mzima. Nikaachanisha vidole kimoja kimoja. Kati ya kidole cha mwisho na cha pili yake palikuwa na mpasuko mdogo, mwekundu, mdogo kuliko punje ya mtama, kingo zake nyeupe. Nilibonyeza pembeni.

"Inauma?"

"Umegusa?" aliuliza.

Niliinua uso. Alikuwa anatazama mbele, mgongo umenyooka, mikono imefumbatana magotini, na nikaona kwamba anasubiri kuambiwa hakuna kitu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni kwangu. Yalikuwa mepesi.

"Kuna kidonda," nikasema.

"Kikubwa?"

"Kidogo. Tunakwenda hospitali."

"Kesho nna wale wageni wa hoteli, nshawaahidi..."

"Sasa hivi, Matroni," nikasema. "Inuka."

Alinitazama. Kisha akanyoosha mkono nimpe magongo.